Kitufe cha A, bangili zangu na mshale uliokuwa ukiruka

"Mwanachama atakayejifungua ataondolewa mara moja atapewa khanga doti mbili na shilingi 30,000."

Hiyo ni Ibara ya 5 ya katiba ya kikundi kimoja cha VICOBA, cha kuweka na kukopa, hapa Kihonda, Morogoro, kama katibu wao alivyoisoma kwa sauti mbele ya akina mama 25 waliokaa chini ya mwembe. Aliyeichapa ni mimi. Kikaoni sikuwepo, ila nimesimuliwa kwamba palikuwa na mjamzito wa miezi saba, akauliza kwa upole kama aanze kufungasha.

Maneno "ataondolewa mara moja" yalikuwa ya Ibara ya 7. Huko yalikotoka pakabaki hivi: "Kiongozi atakayebainika kula fedha za kikundi." Nukta. Mweka hazina, nasikia, alipendekeza hiyo ipite kama ilivyo.

Nakala 25, kila moja kurasa 9. Karatasi 225, karibu nusu rimu, zikarudi mezani kwangu zimefungwa kwa kamba ya katani. Mwenyekiti alizishusha taratibu akasema, "Dada yangu, hatujaja kugombana. Lakini mzazi wa watu ana kosa gani?"

Nikachapa upya kwa gharama yangu. Usiku ule nikaapa kwamba hiki kinachoyarusha maneno yangu kwenye laptopu nitakijua.

Nina steshenari ndogo. Nachapa barua za kuomba kazi, ripoti za wanafunzi wa vyuo waliotoka field, mikataba ya kuuziana viwanja na pikipiki, mihtasari ya vikao. Nilijifunza uhazili enzi za taipureta, na naandika bila kutazama vitufe: macho kwenye daftari la mteja, vidole vinajua njia. Natumia laptopu kwa sababu umeme ukikatika katikati ya ukurasa, betri inanifikisha mwisho. Ni ya mtumba, inchi 14, na badala ya Windows ina mfumo wa Linux Mint ya Xfce aliyoniwekea mtoto wa kaka yangu baada ya flashi za wateja kunijazia virusi mara tatu ndani ya mwezi mmoja.

Sasa taipureta chini ya viganja vyako haina kitu, ni meza tu. Laptopu inakuwekea pale pale ile tachipedi, kibao cha kutelezesha kidole. Vidole gumba vikiwa juu ya kitufe cha nafasi, ile nyama ya shina la kidole gumba inaning'inia juu ya kibao kama embe lililoiva. Ukichoka kidogo, linagusa. Mashine kwa upande wake haijui embe. Inajua kuguswa, na kuguswa kwa haraka ni sawa na kubofya. Mshale ulipokuwa umeachwa, tuseme Ibara ya 5, kile kimstari kinachopepesa kinahamia huko huko, na unachoandika kinakifuata. Unainua macho baada ya maneno matatu, unaona kimehama, unakirudisha chini na kuendelea na Ibara ya 8, ukidhani ya 7 umeimaliza. (Nimewahi kuona kimstari hicho kikiitwa kasa. Mimi ni wa Pangani, kasa ninayemjua ana gamba na anataga mchangani, na hata siku moja hakuruka.)

Kabla ya kupata jibu nilipata majibu mengi yasiyo jibu. La kwanza lilikuwa bangili. Sikukuu ya Idi mume wangu alinipa bangili sita, na ni wiki hizo hizo mshale ulipoanza utundu wake. Kibao kinahisi kitu kinachopitisha umeme, kama mwili, na bangili ya chuma iliyo mkononi ni kama sehemu ya mkono. Nikazivua. Mshale ukaendelea kuruka, na nyumbani nikaulizwa kama zawadi haikunipendeza.

Kisha nikaenda kwa fundi. Akasema betri ikivimba inasukuma kibao kutoka chini, nacho kinajibofya chenyewe, na kweli hilo hutokea. Akafungua. Betri yangu ilikuwa bapa kama chapati. Nikalipa elfu kumi ya kufungua na kufunga.

Kisha ubunifu wangu mwenyewe: nikafunika kibao kwa karatasi ya A4 na selotepu. Kibao kikaendelea kuhisi vidole kupitia karatasi, bila shida yoyote. Nikachana jalada la kaunta buku, lile gumu, nikalibandika. Hapo kikanyamaza. Lakini sasa nikawa siwezi kuishi bila mausi, na meza yangu nusu yake ni printa, na nusu iliyobaki ni daftari la mteja na viwiko vyake. Joto la mchana nalo likayeyusha gundi ya selotepu, ikawa inanasa viganja. Wiki mbili tu.

Mtoto wa kaka alipokuja nilimweleza, akacheka. "Shangazi, hilo mbona dogo. Kuna sehemu ya kuweka tiki." Akafungua mipangilio ya mausi na tachipedi: ipo kweli, inasema tachipedi izimwe wakati wa kuandika. Tiki ilikuwepo tayari. Akaitoa, akairudisha. Akaniambia niandike. Nikaandika mistari minne, kimstari kikahama. Hakucheka tena.

Huko mtandaoni alikuta watu wakishauri programu ya zamani iitwayo syndaemon. Hiyo ni ya enzi ambazo vibao vingi kwenye Linux viliendeshwa na draiva (programu ya kuendesha kifaa) ya synaptics: inakaa pembeni ikisikiliza kibodi, na usipoiambia vinginevyo inakizima kibao mpaka zipite sekunde 2 tangu kitufe cha mwisho. Akaandika amri, ikajibu kwamba haioni kifaa chochote cha synaptics. Haikuwa ajabu. Mifumo mingi ya Linux ilishahamia libinput, programu inayosimamia kibodi, mausi na vibao, ambayo toleo lake la 1.0 lilitoka 2015, na kazi hii ya kunyamazisha kibao libinput inaifanya yenyewe ndani kwa ndani. Syndaemon haina mlango wa kuingilia humo. Maelekezo yale bado yamejaa mtandaoni, na wewe msomaji ukiyakuta yapite tu, kwanza angalia mashine yako inatumia draiva ipi.

Basi kijana akatoa hukumu ya vijana wote: tufute, tuweke mfumo upya.

Akaweka upya, Jumamosi nzima. Bando lake likaisha kabla hajamaliza kila kitu, akaniaga kwamba atarudi Jumatatu.

Hapa sina budi kueleza habari ya kitufe cha A.

Kabla ya hiyo Idi, mtoto wa mteja alimwaga juisi ya ukwaju kwenye kibodi yangu. Nilifuta, nikaianika, vitufe vyote vikafufuka isipokuwa A. Kwa mwandishi wa Kiingereza labda huo ni msiba mdogo. Kwa Kiswahili, lichukue neno "mwanachama": herufi kumi, na nne kati yake ni A. Kibodi mpya fundi alitaja bei iliyonifanya nimuulize habari za watoto. Ndipo mtoto wa kaka akaniwekea programu iitwayo keyd, inayobadilisha kazi za vitufe, akaandika kwenye faili la /etc/keyd/default.conf:

[ids]
*

[main]
capslock = a

Kitufe cha herufi kubwa kinapakana na A, mkono wa kushoto. Kidole kidogo kikajifunza kuteleza kidogo pembeni, na baada ya siku tatu nikasahau kwamba nilikuwa na tatizo. Ukishika shifti unapata A kubwa. Nilimsifu yule kijana kwa majirani wote.

Sasa turudi Jumamosi ile. Mfumo mpya, keyd haijawekwa, A imekufa tena, na Jumapili kuna mwanafunzi anasubiri ripoti yake. Kuna ujanja wa zamani wa wapiga chapa, nao nikautumia: kila penye A niliweka alama ya @. "Ut@fiti huu ulif@nyik@ k@tik@ kij@ji ch@..." Mwisho unaiagiza programu ibadilishe kila @ iwe a, kwa mkupuo. Ilikwenda vizuri, isipokuwa anwani ya barua pepe ya mwanafunzi kule mbele ilikuja kuwa neno moja refu lisilo na alama, tukagundua kabla hajalipa.

Nilipofika ukurasa wa nne nikasimama. Kimstari hakikuwa kimehama hata mara moja. Bangili nilikuwa nimezivaa, maana ilikuwa Jumapili na nilikuwa na shughuli jioni. Viganja vilikuwa vimechoka, vinagusa kibao waziwazi. Mshale, kimya. Nikasema alhamdulillah, kuweka mfumo upya kumesaidia, kijana anajua kazi.

Jumatatu akaja, shikamoo shangazi, marahaba, nikampa chai na vitumbua. Akarudisha keyd. A ikafufuka. Akanywa chai yake akaondoka. Kabla ya adhuhuri maneno "mbele ya mashahidi" yakatua katikati ya jina la muuza kiwanja.

Wataalamu wote waliopita hapo walikuwa wakiuliza mashine ina nini. Mimi nilianza kuuliza jambo lingine: A ikifa, mshale unatulia, A ikifufuka, mshale unaruka. Hawa wawili wanafahamianaje?

Usiku, duka limefungwa, nikaweka kifurushi cha libinput-tools na kuandika:

sudo libinput list-devices

Ikatoka orodha ndefu ya kila kitu chenye kitufe ndani ya mashine, hata cha kuwashia. Kwenye kibao kulikuwa na mstari unaosema Disable-w-typing: enabled, yaani lile agizo la kunyamaza wakati wa kuandika kwa kawaida huja limewashwa. Na tiki nayo ilikuwepo. Lakini kibodi zilikuwa mbili. Moja AT Translated Set 2 keyboard, ambalo ndilo jina Linux inaloipa mara nyingi kibodi iliyojengewa ndani ya laptopu. Ya pili keyd virtual keyboard. Laptopu yangu ina kibodi moja tu. Hii ya pili ni nani?

Nilisoma maelezo ya keyd na ya libinput mpaka saa sita za usiku, na naweza kukueleza kwa mfano wa mshenga. Keyd inaikamata kibodi halisi kiasi kwamba hakuna mwingine anayeisikia. Kila kitufe unachobonyeza kinaingia kwake kwanza. Kisha keyd, kupitia kibodi ya bandia iliyoitengeneza yenyewe, inaupeleka ujumbe mbele, na penye capslock inasema a. Nyumba ya pili haimsikii kijana, inamsikia mshenga.

Libinput nayo haizimi kibao kwa kuandika kokote tu. Inataka kujua kibodi inayoandika na kibao vimekaa kwenye mwili mmoja. Ukichomeka kibodi ya USB ukaiweka mbele ya laptopu, viganja vyako haviko karibu na kibao, kwa hiyo hakuna sababu ya kukinyamazisha, na libinput inakiacha wazi. Ni busara kabisa. Ila kibodi ya bandia haina mwili. Libinput inamwona mshenga, haijui katumwa na nyumba gani, inamhesabu mgeni wa njiani. Kibodi yenyewe inayoijua haijasema neno tangu keyd iikamate. Kwa hiyo kwa macho ya libinput, hapa hakuna anayeandika. Agizo limewashwa, linasubiri siku kibodi ya ndani itakapoandika, na siku hiyo haiji.

Dawa ni kumtambulisha mshenga. Nikatengeneza folda (sudo mkdir -p /etc/libinput, kama haipo), na ndani yake faili liitwalo local-overrides.quirks, lenye mistari hii:

[Kibodi ya keyd]
MatchUdevType=keyboard
MatchName=keyd virtual keyboard
AttrKeyboardIntegration=internal

Mstari wa kwanza ni kichwa tu, andika jina ulipendalo. Wa tatu ni jina la kibodi kama lilivyo kwenye ile orodha, herufi kwa herufi. Wa mwisho ndio unaosema: huyu ni wa humu ndani. Mimi mara ya kwanza niliandika Intergration, na libinput haikunionea haya. Ipo amri ya kukagua, libinput quirks validate, inakuonyesha mstari uliokosea. Nakushauri uitumie kabla ya kuanza kulaumu watu.

Kuthibitisha si lazima utoke kwanza. Niliandika sudo libinput debug-events --verbose, na katika maneno mengi yaliyomwagika kukawa na mstari unaosema dwt activated, yaani kunyamaza wakati wa kuandika kumeanza kazi, na mbele yake kibao changu na keyd virtual keyboard vimeunganishwa kwa alama ya mishale, <->. Kama cheti cha ndoa. Kisha nikatoka kwenye akaunti na kuingia tena, kwa sababu eneo-kazi linasoma faili hilo linapoanza tu, na hapo nikaandika katiba ile ile ya VICOBA, kurasa zote 9, viganja nimevilaza juu ya kibao makusudi kama mtu anayekanda unga.

Hakikuhama.

Kwa wanaopenda kujua muda: libinput inakizima kibao kwa milisekunde 200 baada ya kitufe cha kwanza, na ukiendelea kuandika inafikisha 500, nusu sekunde. Kwa mtu wa maneno 60 kwa dakika, vitufe vinakuja kama vitano kila sekunde, yaani mlango haupati nafasi ya kufunguka mpaka usimame. Ukisimama, nusu sekunde ni fupi, kidole kinafika kwenye kibao kikikuta kiko hai. Tena kiganja kilichogusa wakati unaandika kinaendelea kupuuzwa hata muda ukipita, mpaka ukiinue. Shifti na Ctrl peke yake hazihesabiwi kuwa ni kuandika, ndiyo maana unaweza kushika Ctrl na kubofya. Zile sekunde 2 za syndaemon, kwa mtu wa steshenari ambaye mteja amemsimamia kichwani akisema "hapo, hapo juu, futa hapo", zingekuwa mateso.

Mtoto wa kaka nilipomwonyesha alinyamaza kidogo, kisha akalalamika. Ana mchezo anaouchezea kwenye mashine yangu mchana wateja wakiwa wachache, anakimbia kwa vitufe na kugeuka kwa kibao, na sasa hageuki. Nikamwambia tiki anaijua ilipo. Aitoe akicheza, airudishe akimaliza. Ameisahau mara moja, nikaijua baada ya aya mbili.

Mwenyekiti wa VICOBA alipita wiki iliyopita kuchapisha fomu za mikopo. Mjamzito alishajifungua, mtoto wa kike, na khanga zake doti mbili kapewa. Ibara ya 7 wameiongezea makali.

Bangili nimezirudisha mkononi. Kitufe cha A bado kimekufa, na sina haraka nacho. Tabu ni moja tu: juzi nilikuwa kwa dada yangu, kompyuta yake nzima haina ulemavu wowote, nikaomba nimwandikie shemeji ujumbe. Nikaandika kwa kasi, macho pembeni, kidole kidogo kikapita njia yake ya siku zote. Nilipoinua kichwa, skrini ilisema: hBri z NYUMBni.